Vidole viwili vya Mwenda Jean Bosco

Vipindi vya zilipendwa vina ada yao. Mtangazaji ataanza na Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, atapita Nairobi kwa Fadhili William, atavuka kwenda Kinshasa kwa Franco, kisha atarudi kufunga na Mbaraka Mwinshehe. Ni safari tamu na silalamiki. Ila kuna mtu anayerukwa karibu kila mara, naye aliimba kwa Kiswahili, peke yake, na gitaa moja lisilo la umeme. Aliitwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930.

Huko Ulaya na Marekani wapenzi wa gitaa wanamjua. Kibao chake cha Masanga kimeandikwa kwa nota, kimefundishwa, kimepigwa na watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Wataalamu wamevipekua vidole vyake miaka nenda miaka rudi. Hayo yote ni haki yake. Lakini wenye masikio ya kusikia anachosema, yaani sisi, ndio tusiomsikiliza, na mimi naliona hilo kuwa aibu kidogo.

Tuanzie Bunkeya, maana mji huo una hadithi yake. Ndio uliokuwa makao makuu ya Msiri, na Msiri hakuwa mwenyeji wa Katanga. Alitoka Usumbwa, katika dunia ya Wanyamwezi, magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa misafara aliyefuata shaba. Mtoto akafuata njia ya baba, akabaki, akajenga ufalme uliouza shaba, pembe za ndovu na watumwa kuelekea pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Watu wake ndio Bayeke. Alipigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891 na ofisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliokwenda kuitwaa Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mizigo ya msafara huo ilibebwa na wapagazi walioajiriwa Zanzibar. Mwenda ni jina lake Msiri mwenyewe, na warithi wake wa kiti wamelibeba hadi zama zetu.

Kwa hiyo kijana huyu alizaliwa na jina zito, mahali ambapo Kiswahili kilifika kwa miguu, na misafara, kabla ya Mbelgiji kufungua shule. Nalitaja hili kwa sababu wako watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaosikia Kiswahili cha Lubumbashi wakaangua kicheko, kana kwamba wenzetu wale walikiazima juzi. Hawakukiazima juzi.

Hilo jina la Jean Bosco ni la ubatizo. Ni la mtakatifu Mwitaliano aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, na Wasalesiani walikuwa wamekwisha kuweka makao yao Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, tangu 1911.

Bunkeya ikampa jina, lakini muziki aliupata mjini. Sehemu kubwa ya ujana wake ilipita Jadotville, mji wa shaba ambao leo unaitwa Likasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ilikuwa ikikusanya vibarua kutoka Kasai, kutoka Rwanda na Burundi, na kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilipiga hesabu ikaona ni nafuu kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mkewe na watoto kuliko kumrudisha kwao kila mkataba unapoisha. Kambi zikajaa familia zenye lugha kumi na zaidi, na watoto waliocheza pamoja kati ya nyumba hizo wakazungumza Kiswahili. Hiki ndicho Kiswahili cha Bosco: cha kambini na sokoni, na cha baa ya Jumamosi baada ya mshahara. Mke ni muke, na sentensi hazimsubiri mwalimu wa sarufi.

Halafu kuna suala la reli. Reli kutoka kusini iliingia Elisabethville mwaka 1910, muda mrefu kabla ya Katanga kuwa na njia rahisi ya kwenda Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo. Biashara ya Katanga ikaelekea kusini, Bulawayo na Johannesburg, na bidhaa za madukani zikatoka huko: baiskeli, cherehani, gramafoni, santuri na magitaa. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg ilikuwa ikitoa santuri kwa jina la Gallotone, na kwa jina hilohilo ikauza magitaa ya bei nafuu. Hata leo utamsikia mzee wa muziki wa Tanzania akiliita gitaa kavu galatoni. (Gallotone ndilo pia gitaa alilokuwa nalo kijana mmoja wa Liverpool, John Lennon, siku alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957. Gitaa la bei rahisi halichagui mwenyewe.)

Wale wanaodhani muziki wa Kongo wote ni Kilingala na rumba ya Kinshasa wanasahau jiografia hii. Mji mkuu uliusikiliza mto na bahari ya Atlantiki. Katanga iliisikiliza reli.

Basi Bosco alisikia nini? Kwanza alisikia muziki wa nyumbani, wa mashariki ya Kongo na wa jirani zao wa Zambia. Humo mna likembe, kile kisanduku cha vijiti vya chuma ambacho wengine tunakiita malimba au kalimba. Mpigaji wake hutumia vidole gumba viwili. Kimoja kinasema, kingine kinajibu, na wimbo wenyewe unazaliwa pale katikati, bila kuwa mali ya kidole chochote. Mtu aliyekulia na sauti hiyo akipewa gitaa hataanza kulikwaruza nyuzi zote kwa pamoja kama mpiga gitaa wa kanisani. Atazitenganisha.

Pili, alisikia Cuba. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri zilizojulikana kwa herufi GV, nyingi zikiwa nyimbo za Cuba, na hizo zilipigwa kutoka Dakar hadi Morogoro. Salum Abdallah alizisikia akaunda bendi yenye jina la Cuba. Bosco alilisikia Trio Matamoros, kundi la watu watatu la Santiago de Cuba, na funzo alilolitoa humo ni tofauti. Matamoros walikuwa na magitaa, manyanga na sauti, basi. Walionyesha kwamba muziki wa kuchezeka unaweza kutoka katika nyuzi chache bila jeshi la wapuliza tarumbeta.

Tatu, makauboi. Filamu za makauboi zilionyeshwa katika miji ya migodi kotekote, na santuri za Jimmie Rodgers wa Mississippi zilifika hata vijijini. Mwaka 1950, huko Kapkatet nchini Kenya, wasichana wa Kikipsigis walirekodiwa wakimwimbia huyo Jimmie Rodgers kama kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina lake walilitamka Chemirocha. Kwa hiyo kijana wa Jadotville kuvaa kofia pana na kujifunza gitaa la kikauboi halikuwa jambo la ajabu. Ajabu ni vile alivyolitumia. Katika nyimbo zake husikii Mississippi wala Santiago kwa majina yao. Vyote vimeshayeyushwa.

Aliyewarekodi wasichana wa Kapkatet ndiye aliyemrekodi Bosco. Hugh Tracey, Mwingereza aliyefika Rhodesia ya Kusini kijana akalime tumbaku na kaka yake, aliishia kuitumia maisha yake akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, kwa msaada wa Gallo. Mwaka 1952 alifika Jadotville, akamkuta kijana wa miaka ishirini na kitu akipiga gitaa barabarani. Alimrekodi palepale mjini. Masanga ikatoka kwenye santuri ya Gallotone, na kijana wa mtaani akaanza kusikika nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga.

Nakuomba uitafute Masanga ile ya 1952 uisikilize kwa spika nzuri, si kwa simu. Bosco anatumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi za chini na kutembea. Kidole cha shahada kinapita juu na kuuchonga wimbo. Hapo mwanzo utadhani umeelewa: besi hapa, wimbo pale. Ngoja kidogo. Gumba linaanza kuuingilia wimbo, kidole cha shahada kinaacha pengo mahali ulipotarajia noti, na pengo hilo linazibwa na uzi wa chini. Jaribu kupiga makofi na utagundua kwamba mkono wako umeshikamana na kidole kimoja tu, huku kingine kikikuzunguka. Kila duara linaporudi lina badiliko dogo, noti moja imeongezwa au imecheleweshwa, na hakuna duara linalofanana kabisa na lililotangulia. Mtu mmoja, gitaa moja, na ukifumba macho utaapa wako wawili.

Hali hiyo ndiyo iliyomshughulisha David Rycroft, mtaalamu wa muziki wa London, hata akaandika uchambuzi mrefu wa ubunifu wa Bosco katika jarida la African Music, sehemu ya kwanza 1961 na nyingine 1962. Alinakili noti kwa noti. Ni kazi ya heshima, na bila watu kama yeye huenda tusingekuwa na pa kuanzia. Hata hivyo, ukiisoma unaona pengo. Gitaa limepewa kurasa nyingi, na mwimbaji amebaki pembeni.

Tazama majina ya nyimbo zenyewe: Mama na Mwana, Bibi Theresa, Tambala Moja, Kijana Muke. Haya ni mambo ya nyumba na mtaa. Nyimbo za gitaa za Katanga ya miaka ya 1950, za Bosco, za binamu yake Edouard Masengo na za Losta Abelo, zilikuwa gazeti la kambi. Zilimwonya mlevi, zikamsema mwanamke wa mjini na mwanamume anayemkimbilia, zikalia msiba, zikatania. Mswahili wa pwani ana jina la kazi hii; ndiyo kazi ya malenga na ya taarab ya mafumbo. Tofauti ni kwamba malenga huyu aliimba kwa lugha ya watu waliotoka shifti ya usiku, bila kuhesabu mizani na bila kamusi. Wahakiki wetu wa fasihi, wanaopekua kila utenzi wa Lamu na Pate, nadhani wangepata shamba pana hapa, wakiacha kudhani kwamba ushairi wa Kiswahili lazima unuke chumvi ya bahari.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikuja Nairobi. Hakukaa sana, ila alikaa muda wa kutosha kupata kipindi chake redioni, na redio ya siku zile ilikuwa chuo. Vijana wa Kenya waliokuwa wamemsikia kwenye santuri sasa walimsikia kila mara, akipiga nyimbo moja baada ya nyingine. Masengo naye alifika Nairobi, akakaa miaka, akarekodi huko. Wapiga gitaa wengi wa kizazi kile walijaribu kumwiga Bosco. Wengi walishindwa, na kushindwa kwao kukazaa mitindo mipya. Magharibi ya Kenya kulikuwa na omutibo wa George Mukabi, aliyezaliwa mwaka uleule wa Bosco na kuuawa 1963. Mukabi alikuwa na njia yake mwenyewe, yenye mwendo wa haraka na chupa ya soda ikigongwa kando kushika mapigo, na sitaki kumfanya mwanafunzi wa mtu. Lakini ukiziweka santuri zao mezani pamoja, unasikia watu wawili wanaosalimiana.

Kisha siasa ikaingia. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo wa kifalme wa Bayeke. Vita vikaendelea hadi Januari 1963. Mabadiliko ya ladha nayo hayakusubiri amani: magitaa ya umeme yalienea, bendi kubwa zikatawala kumbi, na mtu mmoja na gitaa kavu akaanza kuonekana wa zamani kabla hajafika umri wa miaka arobaini.

Bosco hakuwa mtu wa kulilia santuri. Alifanya kazi benki, akafanya kazi Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, akasimamia bendi, akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Nawajua wasomaji ambao wataona huzuni hapa: msanii mkubwa kashikwa na karatasi za ofisi! Mimi sioni hivyo. Muziki wa Katanga haukuwahi kuwa kazi ya kumtenga mtu na watu. Wapigaji wake walikuwa wafanyakazi, na mwenye akili alikuwa na mshahara pembeni. Mtu aliyelisha nyumba yake na bado akapiga vile hana haja ya kuonewa huruma.

Rais Mobutu alipotangaza siasa yake ya uhalisi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwataka raia waache majina ya Kizungu, Jean Bosco akaondoka, akabaki Mwenda wa Bayeke. Wengi walilazimika kujitungia majina. Yeye alirudi tu kwenye la ukoo.

Dunia ya nje nayo ilikuwa imeanza kumtafuta. Mwaka 1969 alialikwa Marekani, kwenye tamasha la muziki wa asili la Newport, mwaka uleule ambao Johnny Cash na Joni Mitchell walikuwa miongoni mwa wasanii. Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, jina la Katanga enzi za Mobutu, mwaka 1979, akamfuata yeye na Masengo na Losta Abelo ajifunze miguuni pao, na daftari lake la safari likatoka kitabu mwaka 1982. Mwaka huohuo Bosco alipiga Berlin. Mwaka 1988 alirekodi Cape Town albamu ambayo baadaye ilisambazwa Marekani, na humo sauti imezeeka kidogo lakini vidole vingali vilevile. Karibu na mwisho wa maisha yake alifika Lubumbashi Mmarekani mmoja, Elijah Wald, naye akitafuta masomo ya gitaa. Wald huyo ndiye aliyekuja kuandika kitabu kuhusu Bob Dylan kilichozaa filamu ya A Complete Unknown ya mwaka 2024. Kabla ya kumweleza Dylan kwa ulimwengu, alikaa mbele ya mzee wa Bunkeya akitazama vidole viwili.

Mwenda wa Bayeke alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Rekodi zake nyingi za Tracey ziko salama katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Makhanda, Afrika Kusini, taasisi ambayo Tracey mwenyewe aliianzisha 1954. Baadhi zimetolewa upya kwenye CD, na nyingine utazipata mtandaoni bila jasho. Sauti basi haijapotea. Kinachotoweka ni watu wanaoyaelewa maneno yake bila kusaidiwa: wazee wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, na watoto wao walioko Kitwe, Dar es Salaam, Nairobi na Brussels, wanaojua Bibi Theresa alikuwa mtu wa namna gani na kwa nini watu walicheka ubeti fulani ulipofika.

Kama wewe ni mmoja wao, au una babu au shangazi aliye mmoja wao, mwekee nyimbo hizi jioni moja, uandike anachokuambia kwa Kiswahili kilekile anachokisema, bila kukisahihisha. Na mtangazaji wa zilipendwa, Jumapili ijayo, ukishamaliza na Mbaraka, tafadhali weka Masanga.